Baba, Jenereta ya Mama Nimeifunga Ulivyotaka

Baba yangu, mzee wa nguzo,

Najua hata huko uliko unaulizia umeme kabla ya kuulizia watoto, basi nianze na umeme. Unakatika kama ulivyouacha. Gesi tunayo hapo Mnazi Bay na kila mgeni tunamsimulia, lakini kuti moja likiangukia laini, Shangani nzima tunahamia barazani kutafuta upepo.

Watoto hawajambo. Mama ndiye niliyekuja kukuambia habari zake.

Mapafu yake yamechoka. Alilazwa wiki tatu, na mwisho wake daktari akaniita pembeni akasema anaweza kurudi nyumbani kwa masharti mawili: awepo mtu mzima wa kukaa naye mchana kutwa, na mashine ya oksijeni isizimike. "Mwalimu, jenereta unayo?" Nikajibu "Ninayo" kwa sauti ya mtu mwenye kiwanda. Mama pale kitandani akanitupia lile jicho lake. Daktari alipoondoka akanishika mkono. "Fanya unavyojua, mwanangu. Mimi sitaki kufia kwenye kitanda chenye namba."

Ilikuwa Ijumaa. Ruhusa ya kutoka ilikuwa Jumatano.

Unajua kwa nini Mama alinitazama vile. Alikuwepo siku ile ya mpira. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeajiriwa, nina jenereta ya kwanza maishani na majivuno ya kutosha watu watatu. Umeme ulikatika siku ya mechi. Nikatengeneza waya wa plagi mbili, huku plagi na huku plagi, kama walivyokuwa nao nusu ya mtaa: kichwa kimoja kwenye jenereta, kingine kwenye soketi ya sebuleni. Nyumba ikawaka. Majirani wakajaa, nami nikakaa katikati yao kama mgeni rasmi.

Ukaingia na nguo za kazi, mkanda wa kupandia nguzo bado uko kiunoni. Hukusema hodi wala hukumsalimu mtu. Ulizima jenereta, ukachomoa ule waya, ukatoa koleo na kuukatakata mbele ya wageni wangu kama mtu anayekata bamia. Kisha ukaniuliza kwa upole ulionitisha kuliko kofi:

"Leo umeniua mara ngapi?"

Ukanieleza mbele yao wote. Kwamba umeme wa jenereta yangu uliingia kwenye soketi, ukarudi hadi kwenye meni swichi, ile kubwa ya nyumba nzima, ambayo sikukumbuka kuizima, ukapita mita, ukafika kwenye transfoma ya kona na kukuzwa mara nyingi, ukapanda hadi pale wewe ulipotaka kuweka mkono. Laini iliyokatwa, inayotakiwa kuwa imekufa, ilikuwa hai. "Kilichoniokoa ni kupima kwanza," ukasema. "Nguzoni simwamini mtu. Hata wewe." Halafu ukavuta kiti, ukakaa, ukauliza, "Haya, ngapi ngapi?" Hakuna aliyejua, maana runinga ulikuwa umeizima mwenyewe.

Nimelicheka hilo miaka yote hii, baba. Ile sehemu ya kwanza sijawahi kuicheka.

Basi Jumamosi nikamwita fundi wa hapa mtaani. Akaizunguka jenereta mara moja, akafungua mkoba, akatoa nini? Waya wa plagi mbili.

"Mwalimu, hii dakika kumi tu, Mama anapumua."

"Na walioko kwenye nguzo?"

"Unazima meni kwanza. Si utakumbuka?"

Mimi nitakumbuka! Mimi ninayetafuta miwani ikiwa usoni. Mimi niliyepeleka darasa ziara ya Mikindani nikarudi mjini peke yangu, nimeridhika kabisa. Lakini sitakudanganya: waya ule niliushika mkononi muda mrefu. Siku zilikuwa zinakimbia na Mama alikuwa ananisubiri. Nikaurudisha, nikamshukuru, nikamsindikiza hadi getini. Niliapa kwamba pumzi ya Mama haitatoka kwenye kifua cha mtoto wa mwenzake.

Nikamtafuta Chande. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akikushikia ngazi? Sasa ni fundi mwenye leseni na kitambi. Akaniletea swichi ya kubadilishia umeme, wenyewe wanaiita chenjiova. Ni boksi lenye mpini mmoja. Ukiwa juu, nyumba inakula umeme wa laini. Ukiwa katikati, hakuna kitu. Ukiwa chini, inakula jenereta. Huwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja hata ukitaka, hata uwe umesahau jina lako. "Hii," nikamwambia Chande, "imetengenezwa kwa ajili yangu." Akasema, "Mzee angekuwepo angesema hivyo hivyo."

Jumanne ikabaki kazi ya ethi, ile njia ya kuuzamisha ardhini umeme uliopotea. Chuma cha zamani kilikuwa kimeliwa na kutu, tukaleta kipya kilichopakwa shaba. Na wewe unaijua ardhi ya Shangani, mawe ya matumbawe matupu. Nikapiga nyundo, chuma kikaruka kunirudia kama kimetukanwa. Chande akasema tufanye kama ulivyofanya wewe: tuchimbe shimo pale maji ya bafuni yanapopita, tusimamishe chuma, tujaze mkaa na chumvi ya mawe, tumwagilie maji ili udongo ukae na unyevu. Yeye akaenda kutafuta waya, mimi nikabaki na jembe.

Sasa nione, baba. Saa nne asubuhi, nimejifunga taulo kichwani kwa ajili ya jua, niko uani nazika chuma chekundu kwa mkaa na chumvi, namwagia maji huku nikinong'ona. Nilikuwa nanong'ona hesabu ya ndoo. Lakini jirani yetu Bi Zuhura, aliyekuwa anachungulia ukutani, angejuaje?

"Mwalimu," akaita taratibu, "umeanza lini?"

"Kuanza nini, Bi Zuhura?"

"Hiyo kazi."

Kufika adhuhuri mtaa mzima una habari kwamba Mwalimu anaizindika nyumba kabla mgonjwa hajarudi. Mmoja alikuja kuniuliza kama nitamfanyia na duka lake.

Ningecheka hadi leo kama Mama mdogo Felista asingewasili saa ileile kutoka Masasi. Ndiye mtu mzima wa yale masharti ya daktari, hatukuwa na mwingine. Akasikia habari zangu tangu kwenye kona. Akafika getini na begi lake na Biblia kwapani, akasimama hapohapo.

"Dada yangu haingii humu. Na mimi siingii."

"Mama mdogo, ni ethi ya umeme."

"Shemeji yangu hakuzikwa na kanisa zima ili mwanawe aje kufukia chumvi uani."

Nikajieleza, na mimi kazi yangu ni kueleza, nimelipwa mshahara kwa ajili hiyo maisha yangu yote. "Umeme ukileta hitilafu, badala ya kumpata mtu, kile chuma kinauvuta. Yaani ule mbaya unaingia chini."

Akamgeukia Bi Zuhura. "Umesikia mwenyewe. Mbaya unaingia chini."

"Nimesikia, dada," akajibu Bi Zuhura.

Chande akarudi, akapima, akaonyesha mshale wa kipimo. Ikawa mbaya zaidi, sasa tulikuwa waganga wawili na mmoja ana chombo. Nikaona Jumatano inaniponyoka. Nikampigia simu Mama, nikaiweka kwenye spika ili wote wasikie. Nilipomaliza kusimulia, upande wa pili kukawa na kicheko, kisha kikohozi kilichonifanya nijute. Halafu sauti yake, nyembamba:

"Felista. Marehemu alizika huo mkaa na chumvi kwenye kila nyumba tuliyokaa. Likizo zako zote za shule ulilala juu yake. Umeota mkia?"

"Hapana, dada."

"Basi ingia uwapikie mafundi. Nataka kurudi nyumbani."

Akaingia. Ila kwanza alikwenda kwenye shimo, akafungua Biblia na kuliombea sala ndefu kuliko za ubatizo, ili tu tujue ameingia kwa kibali cha nani. Chande, na kofia yake ya kiislamu, akaitika amina kwa nguvu kuliko wote. Ukutani Bi Zuhura akaniuliza kama na ethi ya kwake inaweza kuwa imekufa, maana jokofu lake limekuwa likimtekenya vidole.

Jumatano Mama akalala chumbani kwake. Ijumaa saa tano asubuhi umeme ukakatika. Mama mdogo akafungua ule mtungi mdogo wa oksijeni wa dharura. Mimi nikaenda nyuma ya ukuta wa uzio, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wa jenereta kwenye mapafu yale ungekuwa ujinga wa pili. Nikaiwasha, nikaiacha itulie, nikarudi kwenye boksi, nikashusha mpini. Katikati. Chini. Mashine ikaanza kunguruma kama paka aliyeshiba. Niliegemea ukuta nikalia kidogo, kiasi cha mtu mzima.

Baadaye kidogo wakaja mafundi wa laini. Mama akasikia ngazi ikiegemezwa kwenye nguzo iliyo mbele ya dirisha lake. Akafungua macho.

"Nani yuko juu?"

"Fundi wa laini, Mama."

"Yuko salama?"

Nikaelewa kwamba swali hilo amelibeba tangu ujana wake, kila umeme ulipokatika na wewe uko kazini, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Nikasimama wima. "Kwa nyumba hii, yuko salama."

Akalifikiria jibu langu huku mrija uko puani.

"Na kwa nyumba nyingine?"

Kutoka pale chumbani nilizisikia jenereta nne mtaani. Nikavaa viatu.

Hadi leo ninapokuandikia, nyumba tatu zimekubali chenjiova na Chande anazifungia. Hata yule fundi wa dakika kumi amekuja kujifunza, ingawa anasema alikuwa anapita tu. Ya nne, mwenyewe amenifungia geti mara mbili. Ameniambia nirudi kwenye chaki zangu, kwamba waya wake una miaka na haujaua mtu. Nikamwambia haujaua mtu anayemjua. Sitaacha, baba. Mimi ni mwalimu, nimezoea kurudia jambo lilelile kwa watu wasiotaka kusikia, na mwisho wa mwaka huwa wanafaulu wachache.

Mama anakusalimu. Anapumua vizuri, na ameanza kunisema kuhusu kitambi changu, jambo ambalo kwake ni dalili ya afya. Pumzika, mzee. Mimi inabidi niishie hapa, geti la nne linanisubiri, na leo siendi peke yangu: Mama mdogo Felista ameshavaa viatu na Biblia iko kwapani.

Ni mimi mwanao, uliyemkatia waya.