Niliyemkuta kwa Mshauri

Jonali, pokea simu basi!

Nimetoka kwa yule mshauri wa mtaa wa Uzan Bazar, uliyesema hatajaribu kuniponya eti kwa sababu napenda wanaume.

Nilikuwa kwenye benchi nasubiri zamu. Mlango ukafunguka, akatoka Mwalimu Hazarika. HAZARIKA, Jonali! Wa hesabu! Aliyenichapa mbele ya darasa zima eti natembea kama bibi harusi.

Macho mekundu, leso mkononi.

"Debojit? Wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akakaa kando yangu. Akasema polepole, "Nina miaka sitini na mitatu. Leo ndiyo nimesema kwa sauti, mara ya kwanza, kwamba mimi ni kama wewe." Kisha akasema, "Siku ile nilikuchapa kwa sababu nilikuogopa."

Aliniogopa! Mimi, mtoto wa darasa la saba!

Sikumsamehe. Sikumtukana pia. Nikamuuliza nyumbani anaishi na nani.

"Na redio."

Mshauri akaniita. Nikalia saa nzima, mambo yangu mwenyewe sikuyagusa. Nilipotoka, mwalimu hakuwepo.

Sina hata namba yake. Nimesimama hapa barabarani, namtafuta mtu niliyemchukia miaka kumi na moja.