Debe Kichwani mwa Mwanangu

Jumatatu, 2 Agosti 1982
Wiki ya pili tangu mkwe wangu Lusia ajifungue. Mjukuu ananyonya vizuri, mama yake bado ana homa. Na kwa desturi yetu mzazi hatoki nje, hachoti maji. Binti zangu wote wameolewa Mbulu. Goti langu limekataa kushuka bondeni. Basi leo mumewe, mwanangu Clemensi, aliyekuja likizo, kakunja kitambaa, kaweka kichwani, debe juu, huyo chemchemi! Mwanaume mzima! Nimemwita arudi. Hakusikia — au kajifanya.
Anasema wanawake wamempisha achote kwanza, kama mgonjwa. Hakuna aliyetamka neno. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumanne, 3 Agosti
Wameanza kutamka. Si kwangu! Kwangu ni salamu tu. Sijasalimiwa hivi tangu niolewe. Leonida, mwenyekiti wetu wa jumuiya, kasimama uani kwangu, kaulizia kuku, kaulizia mahindi, kaulizia goti. Halafu, "Na Clemensi hajambo? Shingo haimuumi?" Nikasema haimuumi. "Afadhali mama, tulikuwa na wasiwasi." Kaenda zake anatabasamu.
Baba Clemensi anakohoa tu. Ugali kapika Clemensi, mzee kasema ameshiba. Baadaye nimekuta sufuria tupu. Na paka hatufugi.

Alhamisi, 5 Agosti
Jana sala ya jumuiya ilikuwa kwa Leonida. Kwenye maombi kasema tuwaombee vijana wanaolishwa vitu na wake zao mpaka wanasahau wao ni akina nani. Jina hakutaja. Wote wamefumba macho, na wote wamenigeukia — sijui wameniona vipi! Nami nikaitikia, twakuomba utusikie. Kwa sauti kuliko wote. Yaani mkwe wangu anaitwa mchawi na mimi naitikia!
Wiki ijayo zamu ni yangu. Leonida kasema kwa huruma kabisa, "Mama Clemensi, tunaona tukuruke, upumzike." Nikasema hapana, njooni. "Basi tutaona." Tutaona!

Jumapili, 8 Agosti
Baada ya misa. Martini, anayefanya kazi hoteli moja na Clemensi kule juu kwenye kreta, bonde la wanyama, kaniamkia mbele ya wanaume wenzake: "Shikamoo mama! Binti yako mkubwa mbona hajaja kanisani? Yuko jikoni?" Wamecheka mpaka wameshikana mabega.
Nikasema marahaba. Marahaba, basi! Nimefika nyumbani ndipo jibu limekuja: na wewe Martini, shuka za Wazungu unazofua kutwa, ni kazi ya shujaa? Clemensi akiwakaangia mayai wageni ni fundi, ana mpaka kofia nyeupe. Akimpikia uji mke wake, karogwa. Mimi sikusoma sana, hapo sielewi.
Lakini nimeona aibu. Mungu anajua nimeona aibu.

Jumatatu, 9 Agosti
Nimeficha debe. Chini ya magunia ya maharage. Clemensi kalitafuta, hakuniuliza. Kachukua ndoo ya kunyweshea ndama, kaenda nayo. Mchana kweupe, njia ya kanisani!
Aliporudi kasema taratibu, "Mama, kama unaona aibu sema tu. Oldeani kuna nyumba naweza kupata. Nitawachukua Lusia na mtoto, usituone." Kisha kachemsha maji, kanikanda goti. Vidole vyake ni vya baba yake. Nimelia. Nikasingizia moshi.
Jibu sikumpa. Nimlee miaka yote hii, halafu aende kwa ajili ya kinywa cha Leonida? Na mjukuu je? Lakini akibaki, majirani wakanisusa — nani atanizika?

Jumatano, 11 Agosti
Wanakuja! Nilidhani wataniruka. Wanakuja wote, na wasiofikaga kabisa. Martini naye! Wanapanda kilima wanaimba. Hawaji kusali hawa, wanakuja kutazama.
Maandazi kapika Clemensi, yamelingana kama yamepimwa. Mzee anakohoa na kutafuna. Nimemwambia Clemensi akae nje na baba yake, chai nitagawa mimi. Hakutoka. Kanga yangu iko kiunoni mwake, unga mpaka kwenye viwiko, sinia mkononi. Chumba cha pili Lusia anasikiliza nitasema nini.
Naandika ili nionekane nina kazi.
Leonida kabisha hodi. "Mama Clemensi! Tupokelewe na nani leo?" Nyuma yake wanacheka kidogo.
Clemensi kasema, "Mama, sinia linaniunguza. Nitoke nalo au nikupe wewe?"
Nikasema ngoja, namalizia mstari.
Hodi ya pili. Sinia hajaliweka chini. Ananitazama mimi, si mlango. Mstari umeisha, naweka kalamu.