Chuma Hana Mshika Rimoti

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji amepita karakana. Hakukaa hata. Kasema dada yake anakuja Jumapili kuchukua cherehani yake. Basi! Mimi nilidhani mke wangu akija atakuja tuongee, tuyamalize. Kumbe anakuja kumaliza kuhama. Nikamjibu shemeji sawa, karibuni, nikarudi kwenye waya wangu.

Na Jumamosi nina sherehe ya watoto. Chuma, roboti yetu ya maonyesho, hana mtu wa rimoti. Tangu tuanze kazi hii ni mimi ndani ya vazi, mke wangu nje, rimoti kaificha chini ya mtandio. Nikiinua mkono anabonyeza – taa zinakimbia kifuani, king'ora kinalia. Watu wakashangaa: roboti gani hii inajiendesha! Roboti ya sponji la godoro na kofia ya pikipiki, nimeipaka rangi ya fedha mwenyewe. Nusu yake ilikuwa mke wangu.

Nitabonyeza peke yangu. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wahenga. Kuhusu kuwasha taa hawakusema.

Jumanne, 5 Machi

Vitufe vyote nimevihamishia kwenye glavu. Kidole gumba ndicho kinachobonyeza. Kikigusa cha shahada – macho yanawaka. Cha kati – king'ora. Cha pete – kicheko.

Kicheko ni chake. Alikirekodi jikoni, kichwa kakiingiza ndani ya ndoo ili kisikike cha bati. Nimekijaribu mara moja tu, nione kama waya umeshika. Umeshika. Nikazima spika, nikakaa sakafuni. Jamani, kumbe kicheko cha ndooni kinaweza kumliza mtu mzima.

Kuna shida nyingine. Kuongea na watoto ilikuwa kazi yake: Chuma anasema hivi, Chuma anasema vile. Mimi huko ndani sikuwa nasikia neno. Feni ya kichwani inanguruma kama mashine ya kusaga. Mpaka anibonyeze begani mara mbili ndipo najua kazi imekwisha, nivue. Sasa itabidi Chuma aongee mwenyewe. Nitafute maiki.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefunga maiki ndani ya kichwa. Nawasha, nasema haloo – spika ya kifuani inatoa ngurumo ya feni tupu! Fundi viatu wa jirani akaja kuniuliza kama siku hizi nasaga unga.

Nimeing'oa ile feni. Nimeweka ndogo, ya kompyuta mbovu. Inapuliza vizuri na haina sauti kabisa. Nikavaa kichwa, nikamsikia fundi viatu akikohoa ng'ambo ya ukuta. Chafya yake nimeisikia, na matusi aliyoitukana gundi yake nimeyasikia. Sijawahi kusikia kitu ndani ya kichwa hiki.

Sikufurahi sana, niseme kweli. Ile ngurumo ilikuwa mahali pangu. Tangu tumzike mtoto wetu, aliyezaliwa asilie hata mara moja, mimi nililia humo. Sherehe baada ya sherehe. Nje wanaona Chuma anapunga mkono, ndani mtu kalowa mpaka kidevuni, na feni inafunika kila kitu. Nyumbani nilikuwa mkavu. Nilijiambia mmoja wetu lazima asimame. Nikawa nachomelea taa.

Jumamosi, 9 Machi

Aibu! Aibu!

Mtoto mmoja kajikwaa kwenye kamba ya maputo, kaanguka kifudifudi. Nikashtuka, nikakunja ngumi. Gumba likagusa kidole cha pete – Chuma akacheka. Mtoto analia na Chuma anacheka, kicheko kirefu kisichokatika, maana kikianza hakina breki mpaka kiishe. Nikataka kuomba radhi kwa maiki, sauti ikatoka kama ya mbuzi mwenye mafua. Watoto wengine wakadhani ni mchezo. Wakanirukia, wakanivuta, bega likachanika.

Na sasa nasikia! Kila neno nalisikia. Bibi wa pale nyumbani akamwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, kwamba mwenye akili alikuwa yule mkewe, huyu ni godoro tu.

Wala hakunionea.

Jumapili, 10 Machi

Naandika chumba cha nyuma, glavu moja nimeivua. Kichwa sijavua. Mke wangu yuko karakana.

Alikuja mapema. Alinikuta ndani ya vazi, nakihamisha kicheko kwenye kidole kidogo. Tukasalimiana kama watu waliokutana benki. Akaifunika cherehani yake kwa kitambaa, akaifunga kamba, akakaa kungoja mkokoteni. Mara macho yake yakatua kwenye bega. Namjua, hawezi kukiona kitu kimechanika akakiacha. Akanyanyuka, akatoa sindano na uzi mkobani, akasema nisimame vizuri.

Bega la Chuma linashonwa likiwa mwilini, na kichwa kikiwa mahali pake, la sivyo kola inapinda. Siku zote tumefanya hivyo. Akanivalisha kichwa kwa mikono yake. Akawasha feni kwa nyuma, kama zamani, akili yake yote ikiwa kwenye uzi. Maiki nilikuwa nimeizima. Nilitaka kumwambia nimebadilisha feni. Kabla sijafumbua mdomo, akaanza kuongea na mgongo wangu.

Kumbe siku zote akinishona alikuwa akiongea! Na mimi nimesimama tu, masikio yamejaa ngurumo, nawaza betri.

Alianza na mambo madogo. Kwa dada yake watoto wanalala chali kitanda kizima, yeye analala ukingoni. Chai wanaiwekea sukari mpaka kijiko kinasimama. Nikatabasamu, hapo nilikuwa bado najidanganya kwamba nitamwambia sasa hivi. Kisha sindano ikasimama. Akaweka paji la uso wake kwenye sponji, hapa katikati ya mgongo. Nilisikia uzito wake.

"Leo ni mara ya mwisho kukusimulia, acha nikumalizie," akasema. "Watu wanadhani nimeondoka kwa sababu ya mtoto. Niliondoka kwa sababu nilimlilia peke yangu. Ningekuona unalia, hata mara moja, hata kwa bahati mbaya, ningebaki."

Mungu wangu.

Nilipaswa kugeuka. Nilipaswa kuking'oa kile kichwa, aone uso huu ulivyokuwa wakati ule ule anasema. Nikasimama kama mlingoti. Nikimgeukia atajua nimesikia, na hakuniambia mimi, aliuambia mgongo. Nikinyamaza anaondoka. Nikanyamaza. Akamaliza kushona taratibu, akakata uzi kwa meno, akanibonyeza begani. Mara mbili.

Sikuvua. Nikatembea mpaka huku, na vazi lote, nikafunga mlango. Nikachukua daftari maana sijui mtu hushika nini kwenye hali kama hii.

Ameniita. Vua basi, tuagane. Sijajibu. Ameita tena, kwa jina langu, si la Chuma. Nasikia ndala zake. Zimesimama mlangoni. Kioo cha kofia kimejaa ukungu, kidevu kimelowa, hata mistari ya daftari siioni vizuri.

Anasikiliza, naona.

Sasa anauliza, kwa sauti ndogo sana: "Mbona feni haingurumi?"

Mwenye mkokoteni anapiga hodi huko nje. Hakuna anayemwitikia.