Kufanana na Elia

Jumatatu, 8 Septemba
Mbaazi tena. Malori mawili kabla ya chai. Mabega yamechubuka, vumbi limejaa puani. Msimamizi anasema wiki hii hakuna kupumzika. Nilikuwa juu ya ubao, gunia mgongoni, Skola alipopiga simu. Sikupokea. Akapiga tena. Dada yangu hapigi mara mbili kwa ajili ya salamu.

Ni kaka yetu Elia. Saratani ya damu. Amelazwa Dodoma. Dawa zimeutuliza ugonjwa lakini utarudi. Kinachoweza kumponya ni kuwekewa seli shina, zile zinazozaa damu, kutoka kwa mtu anayefanana naye ndani ya mwili. Wanaanza na ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Tuko watatu tu, Elia, Skola na mimi. Nikatoe damu hospitali ya hapa Babati, itapelekwa kupimwa.

Nilikata simu. Nilirudi kwenye gunia.

Jumatano, 10 Septemba
Nimetoa. Nilikwenda kwa sababu Skola alilia, si kwa sababu ya Elia. Niandike ukweli, hakuna mwingine wa kuusoma: naomba nisifanane naye.

Kwetu Kasulu kijana asiye na mke hapewi shamba lake, anashikiwa. Baba alipokufa Elia akanishikia langu. Nilipopata mchumba nikalidai. Alikuwa ameshapanda migomba na kujenga. Wazee wakamsikiliza yeye. Mchumba akaolewa na mwingine. Nikapanda basi, nikashuka hapa kwa sababu nilikuta mzigo wa kubeba. Tangu hapo sijamsikia sauti.

Ijumaa, 12 Septemba
Gwandu, ninayebeba naye, aliuliza habari za plasta mkononi. Nikamweleza. Akauliza kundi langu la damu. Ni B, nililijua siku niliyomtolea damu utingo aliyeangukiwa na magunia. Elia ni O. Skola ni O.

Gwandu alicheka. "Umepona, Muha wa Kasulu. Wewe na kaka yako ni dizeli na petroli."

Na mimi nikacheka. Kumbe hata nyumbani wanasema atakayefanana naye ni Skola. Sura moja na Elia, kundi moja la damu. Mama ameshamwandalia kitenge cha safari ya Dodoma.

Nimelala vizuri leo mchana.

Jumatatu, 29 Septemba
Majibu. Skola amefanana naye nusu. Mimi nimefanana yote.

Nilimwambia daktari kwenye simu kwamba wamechanganya chupa. Mimi ni B. Akasema kundi la damu ni jambo jingine, likitofautiana wanajua la kufanya. Wanachotazama ni alama zilizo juu ya seli. Kila mtoto anarithi fungu moja la baba na fungu moja la mama. Baba alikuwa na mafungu mawili, mama mawili, na mtoto hachagui. Mimi na Elia tumeangukia mafungu yaleyale. Skola ameshika moja tu kati ya hayo. Elia akipona, hata damu yake itageuka kuwa B.

Nimekasirika. Katika watu wote, ni mimi.

Mama amepiga. Mjomba amepiga. Mchungaji amepiga. Wote wananishukuru. Sijasema ndiyo. Hakuna aliyeniuliza.

Jumanne, 30 Septemba
Nimezima simu. Nimebeba mpaka jioni. Nimeiwasha. Mama tena.

Alhamisi, 2 Oktoba
Nilimwambia Gwandu siendi. Hakucheka. Alifunga gunia lake, akasema, "Siku zote unalalamika huna kitu ambacho Elia anakitaka na hawezi kukichukua. Sasa unacho. Umenuna nini?"

Nilitaka kumpiga. Ameahidi kunishikia nafasi yangu ghalani nikiamua kwenda.

Jumatatu, 6 Oktoba. Dodoma
Daktari ni mama mtu mzima. Alimtoa Skola nje, akafunga mlango.

"Mwanangu, kama hutaki, niambie mimi. Nitawaambia vipimo vimeonyesha hufai kutoa. Hakuna atakayejua zaidi ya hapo. Ila useme mapema. Tukishampa kaka yako dawa kali, uboho wote wa mifupa yake unateketea. Ukiondoka wakati huo, atakufa."

Nilimchukia kwa kunipa njia ya kutoka. Kabla ya hapo ningeweza kusema nimelazimishwa.

Nikasema nitatoa. Si upendo. Niliogopa kurudi kwenye magunia na kubeba na hilo juu yake.

Alhamisi, 16 Oktoba
Sindano kila siku, za kuzitoa seli kwenye uboho ziingie kwenye damu. Kiuno kinauma, mbavu zinauma, hata kidevu. Elia ameshaanza dawa zake. Sasa hakuna kurudi.

Mchana nilitembea mpaka getini. Nikasimama. Mlinzi akauliza, "Unatoka, kaka?"

Nikasema napunga upepo.

"Upepo wa Dodoma ni vumbi tu. Rudi kivulini."

Nikarudi. Miguu ilikuwa mizito kuliko nikiwa na gunia.

Jumamosi, 18 Oktoba
Mashine. Sindano mkono huu na mkono huu. Damu inatoka, inachujwa, inarudi. Huwezi hata kujikuna pua, Skola alinikunia. Kilichopatikana ni mfuko mdogo, mwekundu hafifu. Nilidhani utakuwa mkubwa.

Jioni nilimwona Elia kupitia kioo. Amekwisha. Shingo kama ya mtoto. Tuliongea kwa simu tukiwa tunatazamana.

"Nikitoka nitakurudishia shamba."

Nikamwambia asiseme hayo leo. Mipira imemwingia kila mahali, mfuko wangu unaning'inia juu ya kichwa chake. Mtu akiwa hivyo anaahidi lolote. Hata mimi ningeahidi. Aseme akiwa amesimama.

Jumapili, 9 Novemba. Babati
Mvua imeanza. Seli zimeshika, Skola anasema, lakini bado ni mapema. Zikilegea wataniita nikatoe tena. Kwa hiyo nisiende mahali pasipo na mtandao. Gwandu na wenzake wameondoka kufuata mahindi vijijini Kiteto. Mimi nimebaki.

Baada ya ibada Elia alipiga mwenyewe. Hakutaja shamba. Alisema nywele zimeisha zote. Nikasema zitaota. Akauliza kama kuna mvua huku. Nikasema ipo.

Nikamsikia anavuta pumzi. Hakukata simu. Mimi pia sikukata.