Mtungi wa Wakwe wa Kibondo

Jumanne, 3 Juni 2025

Siku ya kumi na sita bila pombe. Muuguzi wa hospitali ya Kabanga kaniambia kuna kikundi cha watu walioacha, hapa hapa Kasulu mjini, kila Alhamisi saa kumi. Nikamweleza kuwa vikundi vya aina hiyo ni kanisa lisilo na padri. Nikamtajia vitabu vitatu. Akaandika "saa kumi" kwenye kadi yangu, akapigia mstari, akamwita mgonjwa mwingine.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekitafuta kikundi nusu saa. Mwisho nikauliza mahali pekee ninapofahamika mtaa ule — grosari ya pombe. Mwenye grosari hakucheka. "Mwalimu, pita nyuma ya mashine ya kusaga, kwa Bi Kuruthumu fundi cherehani. Wateja wangu wazuri wote wako huko."

Watu tisa, mabenchi mawili, chai ya tangawizi. Bi Kuruthumu hajaonja pombe maishani. Anatoa chumba kwa ajili ya marehemu kaka yake. Mwenyekiti ni Niyomwungere, fundi baiskeli, aliyeishia darasa la nne. Sheria yake: kila mtu anasema la kwake, na hakuna anayemjibu. Hakuna! Nimefundisha historia miaka ishirini na sita, nimegombana na wahariri wa magazeti na wakuu wa shule wanne, na leo nimefunga mdomo saa nzima huku Felisiani, mchoma matofali, akisema mambo yasiyo na ushahidi wowote. Zamu yangu ilipofika nikasema nina shida ya usingizi. Hakuna aliyenijibu. Inaudhi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda na kurasa tano za hoja dhidi ya sheria ile. Nikazisoma zote. Niyomwungere: "Asante, Mwalimu. Anayefuata." Bi Kuruthumu akaniongezea chai.

Sikumbuki lini nilishindwa vizuri namna hii. Nimerudi nyumbani kwa miguu, nacheka peke yangu.

Jumapili, 15 Juni

Asnath kapiga simu. Binti yangu hajalala nyumbani kwangu tangu mahafali yake, nilipopanda jukwaani nimelewa nikamkosoa mgeni rasmi dakika arobaini. Leo sauti yake ilikuwa nyepesi. Anaolewa na Marcel. Wakwe wa Kibondo wanakuja tarehe 28, na mtungi wao wa pombe ya ndizi.

Nikafurahi — kisha nikaufikiria mtungi. Kwetu mtungi wa posa hauguswi na mtu mpaka baba wa binti avute mrija. Asipovuta, amemkataa kijana, na wakwe wanabeba mtungi wao wanarudi nao.

Asnath hakuuliza nitafanyaje. Alisema tu, "Baba, Marcel ni mtu mzuri."

Alhamisi, 26 Juni

Kaka yangu Tharsisi anasema kuonja si kunywa. Nikamsaidia kuijenga hoja: heshima, mila, kipimo, historia ya kabila zima. Ikatoka nzuri mno. Nikaipeleka kikundini. Nilipomaliza, kimya. Felisiani akakohoa. Na katika kimya kile nikamsikia mtu aliyekuwa akisema, yaani mimi — mtu anayetaka pombe, tena fasaha kweli.

Nikaongeza neno moja: "Naogopa." Sijawahi kutoa hotuba fupi kama hiyo.

Kikao kilipofungwa, wote wakanijibu kwa mpigo. Felisiani: "Ujisingizie tumbo la kuhara, Mwalimu." Bi Kuruthumu: "Silimu, uwaambie umekatazwa." Niyomwungere ndiye aliyekuja na la maana: tuweke mtungi wetu pembeni, maji ya ndizi yaliyokamuliwa asubuhi ile ile, hayajachacha. Wao ukiingizwa stoo, utoke wetu, nivute huo. Mrija ni mrija, nani atajua? Nimecheka kama mwanafunzi anayepanga kutoroka.

Jumamosi, 28 Juni, saa nane mchana

Naandikia stoo. Wakwe wako sebuleni, watu kumi na wawili. Mitungi miwili, wao na wetu, iko hapa mbele yangu.

Shemeji yangu, mke wa Tharsisi, mama wa bidii, aliona haya mtungi wetu uwe na sura mbovu kuliko wa wageni. Akaipangusa yote miwili, akaifunga shingo kwa majani ya mgomba, akaipanga upya. Sasa hajui upi ni upi. Majani hufunguliwa mbele ya wakwe tu. Kuwauliza ni kujifichua. Na hakuna ruhusa ya mtu kuonja kabla yangu!

Niyomwungere, aliyekuja na Bi Kuruthumu kunisaidia, aliinama kunusa juu ya majani, akarudi nyuma upesi. "Mwalimu, pua yangu usiitegemee. Kwangu yote inanukia pombe." Bi Kuruthumu naye kanusa. "Yote ndizi." Tumecheka sote watatu, tukaziba midomo kwa mikono.

Asnath kaingia. Nikamweleza. Hakucheka. Anasema Marcel anajua habari zangu, yeye mwenyewe alimwambia mwanzo kabisa.

"Na baba yake?"

"Hajui. Mwambie wewe, Baba. Bila mtungi."

Sebuleni mzee wa Kibondo, baba yake Marcel, anauliza kwa sauti kama Mwalimu kaenda kutunga kitabu. Watu wanacheka. Shemeji keshachukua mtungi mmoja, wowote, anautoa. Nilikuwa na hoja sita za kumpinga Asnath. Nimefika ya pili. Mwandiko umepinda kwa sababu Asnath kaushika mkono wangu wa kulia, wa kalamu na wa mrija, ananiinua twende tukamwambie mzee, na mimi nainuka na