Kabla ya Majibu ya Jeni

4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku wazima, ila mama na magoti yake kama kawaida. Mwenye kesi ni mimi. Kuna uvimbe umenitoka mkono wa kulia, chini ya kiwiko, na kwa mwezi mmoja umefika ukubwa wa limau. Daktari alichukua kinyama akapime. Anasema kwa hadubini unafanana na saratani ya misuli, lakini hataki kukata chochote mpaka kipimo cha jeni kirudi. Mama kasema nisimsikilize mtu kabla yako, maana wewe ndiye wa maabara. Mkasi siushiki vizuri, na nina sare za shule nzima za kushona. Nisubiri?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpe mama pole. Wewe nawe, tangu utotoni kusubiri ndiyo kazi pekee unayoiweza! Nimeomba kinyama chako kiletwe kwetu, nimekikata mwenyewe nikakichungulia. Seli zimejaa, zinagawanyika ovyo. Miaka yote hii nakata vinyama vya watu, nitashindwa kujua? Hicho kipimo cha jeni ni madaktari kujiridhisha tu. Nimeongea na daktari wa upasuaji wa hapa, kaniamini, atakupokea Jumatatu. Mwambie hutaki kusubiri. Afadhali ukose mkono kuliko tukukose wewe. Usinibishie.

Dada yako

29 Machi

Dada,

Shikamoo. Usicheke mwandiko, ni wa mkono wa kushoto na hii ndiyo barua yake ya kwanza. Kidonda kinafunga. Vidole nisivyokuwa navyo vinaniwasha, najikuta najikuna hewani. Sare kapewa fundi mwingine, cherehani nimeifunika shuka. Mama anamwambia kila anayekuja kunipa pole kwamba binti yake wa maabara ndiye kaniokoa. Nami nasema hivyo hivyo. Asante, dada. Niko hai.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Kidonda kinaendeleaje? Majibu ya jeni yametoka. Haikuwa saratani. Ni uvimbe unaoiga saratani: unakua kwa fujo, kisha unanywea wenyewe bila dawa. Kwa hadubini huwezi kuvitofautisha kirahisi, jeni ndiyo inayosema. Daktari wako alilijua hilo, ndiyo maana akakwambia usubiri. Mimi kazi yangu ni kukata vinyama, kuvisoma sikusomea. Nilijifanya najua kwa sababu nyote mnaniona najua. Sina pa kuweka uso wangu. Nisamehe, au usinisamehe, lakini nakuomba kitu kimoja: mama asijue.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama mzima, hata magoti yametulia. Barua yako niliipata, nikaikalia. Ombi lako nimelikubali. Sijamwambia na sitamwambia.

Anawaita ndugu wote Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, wakushukuru kwa kuniokoa. Atakushika mikono yote miwili na kulia, unamjua. Mimi nimepewa nafasi ya kusema machache. Nimekuwekea kiti karibu yangu, upande wa kulia. Nitakusifu mpaka watu watoe machozi, na mwakani tutarudia, na mwaka unaofuata, maadamu mama yu hai. Namwombea umri mrefu.

Usikose kuja.

Mdogo wako