Gauni la Kipaimara Limegoma Mabegani

Mama Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu kutoka huku Machame, juu kidogo ya Kwa Sadala, sisi wazima na mvua imeanza vizuri. Mimi nakusoma kila gazeti linapofika, darasa la saba nilimaliza na mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiwaonyesha wengine, kwa hiyo hutapata shida kunisoma. Nakuomba uninusuru, maana nimejiingiza mahali ambapo sioni pa kutokea, na kilichonifikisha hapo ni gauni.

Nina binti yangu wa kwanza, Aikande. Nikuambie ukweli mtupu, huku kwetu hakuna mtoto kama yule, mrefu, ana adabu, anakamua ng'ombe huku anaimba, na kwenye darasa la kipaimara mchungaji akiuliza swali wenzake wanatazama chini, yeye anajibu. Mwezi ujao anapata kipaimara, na wewe unajua kipaimara huku mlimani kilivyo, ndugu wanapanda kutoka Dar na Arusha, pombe ya mbege inapikwa, mbuzi mzima wa ndafu anachomwa, na watoto wakiingia kanisani kwa mstari macho ya akina mama wote yako kwenye nguo.

Sasa mimi nilinunua cherehani, ya mkono, imetumika lakini inazunguka kama mpya, nimeichangia kwa maziwa na ndizi maana kahawa siku hizi unaijua mwenyewe. Nikafikiri, kwa nini nimpelekee fundi hela wakati mikono ninayo? Nikaanza na foronya, nikaenda mapazia, nikapunguza suruali za baba watoto, kila kitu kikakaa, na mume wangu Elimringi aliponisifu mbele ya wageni basi mdomo wangu ukafunguka. Kwenye kikao cha akina mama wa kanisa nikasimama nikasema gauni la Aikande nitalishona mwenyewe na mtakaoliona mtadhani limeshuka na ndege. Mama mmoja akaniuliza, "Kwani si una wifi yako Yuditha, fundi kabisa, ana kibanda chake pale Bomang'ombe?" Nikamjibu, "Yuditha? Yule anashona kama anafunga gunia la mahindi!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na maneno yakafika Bomang'ombe kabla mimi sijafika nyumbani.

Kitambaa nilikifuata Moshi mjini. Zamani tungepanga foleni dukani kwa ushirika tuambulie kaniki, lakini siku hizi unachagua mpaka macho yanauma, nikachukua satini nyeupe, ya bei nafuu lakini ukiiona huwezi kujua. Gauni la kuiga nikalipata kwenye mitumba pale Kwa Sadala, lilimkaa Aikande vizuri sana ila lina doa la kutu kifuani lisilotoka, ndiyo maana nikaona niliige tu. Nikalilaza juu ya satini sebuleni, nikalizungushia kipande cha sabuni mwanzo hadi mwisho, nikakata palepale kwenye mstari. Zipu sikuweka kwa sababu zipu bado inanishinda. Nikashona.

Kumvalisha mtoto, gauni likafika mabegani likagoma. Chini haliendi, juu halirudi. Aikande kasimama katikati ya sebule mikono hewani, kichwa hakionekani, anasema kutoka humo ndani, "Mama, napumua kwa tabu." Elimringi akaweka kikombe chini akasema, "Mama Aikande, hongera, umeshona foronya nyingine." Yeleuwi! Tulimvua kwa kuvuta wawili na mshono wa kwapa ukaachia.

Basi nikaja na akili yangu. Mjini kuna duka lina magauni yaliyoshonwa tayari, mazuri ajabu. Nimepanga kuuza mbuzi wangu jike, ninunue moja, nikate ile lebo ya shingoni, kisha nipitishe pindo kwenye cherehani yangu ili angalau liwe limeguswa na mashine ya hapa nyumbani, na atakayeuliza nitasema nimeshona mimi. Nilikuwa namweleza Elimringi kumbe Aikande yupo mlangoni na ndoo ya maziwa. Mtoto ambaye hajawahi kunijibu, mama, akaniambia, "Siku ya kuahidi mbele ya kanisa zima nivae uongo? Bora nivae sare ya shule." Akaingia ndani. Tangu siku hiyo anakamua kimya. Ng'ombe wenyewe wanageuka kumtazama.

Elimringi anasema nichukue jani la isale, lile letu la kuombea msamaha, niteremke kwa dada yake nimwombe radhi, amtengenezee mtoto. Nimemwambia isale ni la mambo mazito, watu waliogombania shamba la kihamba, waliomwaga damu, nani amewahi kubeba isale kwa ajili ya satini? Halafu Yuditha mwenyewe akija kumsalimia mama mkwe anapita mbele ya geti langu kama anapita makaburini, hatupi hata jicho. Mimi, Mama Aikande, nimbebee gauni bovu kwenye mfuko mtu niliyesema anafunga magunia? Si atanicheka mpaka Pasua kule Moshi wasikie?

Niambie, mama, nimuuze mbuzi ninunue, au nifanye nini? Majina yetu nimeyabadilisha. Ukinichapa gazetini, hapo pa foronya uparuke, maana huku mtaani wameshaisikia wote.

Ni mimi mzazi mwenye cherehani, Machame.

JIBU

Mzazi mwenzangu, pa foronya sikuparuka, na nisamehe. Nimepaacha ili upasome tena wewe mwenyewe. Kama mtaa mzima umeshaisikia, hiyo siri unayotaka kumuuzia mbuzi iko wapi? Utaingia kanisani na gauni la dukani, na kila mama kwenye benchi atajua. Atakayedhani amewadanganya watu ni wewe peke yako. Mwache mbuzi azae.

Pole kwa satini, kwa sababu kosa lako halikuwa la uvivu. Wengi tumeanza na foronya na pazia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini foronya haina mabega, mama. Uliruka kutoka kwenye mto ukatua kwenye kwapa. Chukua lile gauni la mtumba lenye doa, kaa nalo mlangoni penye mwanga, ulifumue mshono kwa mshono kwa ncha ya wembe, polepole. Utaona ndani ya kila mshono kuna kitambaa kimejificha, upana wa kidole na zaidi. Hicho ndicho ulichokiacha sakafuni kama takataka. Ulifuata gauni kwa nje wakati gauni linaanzia ndani. Na zipu yake usiitupe, hiyo hiyo ndiyo itaingia kwenye gauni la Aikande, hutanunua nyingine.

Gauni halijafa. Lifumuliwe ubavuni, kuanzia kwapa hadi chini, na mikono nayo ifumuliwe, kisha kitiwe kipande kirefu kila upande kutoka kwenye satini iliyobaki. Najua imebaki, hakuna mshonaji mgeni asiyenunua cha ziada. Mgongoni lipasuliwe hadi kiunoni, zipu ikae hapo, kichwa kipite bila kuomba msaada. Kabla ya mashine kugusa kitu, shikiza kwanza kwa mkono kwa mishono mirefu ya bandi, mtoto avae, ageuke, ainue mikono, akae. Satini usiipige pasi ya mkaa moja kwa moja, tandika kanga juu yake, la sivyo utalia mara ya pili. Na siku nyingine ukitaka kukata kitu kipya, kata kwanza gazeti, hata hili unalolisoma, kisha shuka kuukuu, kitambaa kipya kije mwisho.

Lakini mabega na zipu usiguse wewe. Bado, mama. Hiyo ni kazi ya Yuditha.

Unauliza nani amewahi kubeba isale kwa ajili ya satini. Hakuna, na wewe usibebe kwa ajili ya satini. Beba kwa ajili ya mdomo wako. Ulisimama mbele ya akina mama wa kanisa ukamvunjia fundi jina lake, na jina ndilo linalomlisha pale kibandani. Huo ni mpaka uliouvuka, kama mtu aliyehamisha usiku isale lililopandwa mpakani mwa jirani. Mume wako ameona sawasawa. Kata jani hapo kwenye kihamba chenu, mwite Aikande mwende wote, kwa maana anatakiwa apimwe. Ukifika usianze habari za gauni. Toa jani, sema, "Wifi, nilikusema vibaya mbele za watu, nisamehe." Wewe ni wa mlimani, unajua kwamba anayeletewa isale hakatai. Acha anune kwanza, ni haki yake. Akicheka kuhusu gunia, cheka naye. Halafu kikao kijacho cha akina mama, simama pale pale uliposimama siku ile, useme hayo hayo kwa sauti ile ile. Sauti unayo, tumeisikia mpaka huku.

Baada ya hapo ndipo ufungue mfuko. Mwombe akufundishe zipu wakati anaitia, wewe uzungushe mkono wa cherehani. Pindo la chini shona wewe, tena kwa mkono, taratibu, liwe lako.

Na siku ya kipaimara, mama yeyote akiuliza gauni hili kashona nani, funga mdomo wako. Mwache Aikande ajibu. Akisema ni mama na shangazi, usimsahihishe.